UZI: Nani anaruhusu ndege iruke? Historia ya makaratasi yanayopigiwa kelele kila siasa zikipamba moto

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, mabishano ya ndege hayakosi. Ati chopa ya mheshimiwa fulani imenyimwa ruhusa. Ati jirani amefungia ndege zetu. Ati miraa imelala Wilson kwa sababu kuna mkubwa hataki iende. Ninaandika kutoka Kianjokoma, huku Embu, na kama kawaida ya nyuzi hizi sitataja mwanasiasa wala chama. Leo twende pole pole: ruhusa ya kuruka ni kitu gani, ilitoka wapi, na ni nani anaishika mkononi?

2/ Kwanza shikeni hili. Hakuna kitu kimoja kinachoitwa "leseni ya ndege". Kuna makaratasi kadhaa, kila moja lina mtoaji wake na kila moja lina kazi yake. Mtu akisimama kwa jukwaa aseme "wamechukua leseni", muulize: gani?

3/ Fikiria matatu ya kutoka Embu kwenda Nairobi. Gari lina leseni ya kubeba abiria, lina ukaguzi wake, dereva ana yake, sacco nayo ina yake. Moja ikikosekana, polisi anakushusha. Ndege ni hivyo hivyo, lakini kwa ukali zaidi. Yako manne makubwa:

– Leseni ya huduma za anga. Hii ni ya biashara. Inakuruhusu kubeba watu ama mizigo kwa malipo, na inasema ni kwa ratiba ama kwa kukodishwa, na sehemu gani.
– Cheti cha mwendeshaji, ambacho watu wa ndege wanakiita AOC. Hiki ni cha usalama. Kinasema kampuni ina marubani waliofunzwa, mafundi, vitabu vya taratibu, na watu wanaojulikana wa kuwajibika.
– Cheti cha ndege yenyewe, kwamba ile ndege, yenye zile herufi ubavuni, ni nzima kuruka.
– Haki ya kuingia nchi ya wengine. Hii hutoki nayo nyumbani. Inatolewa na mwenye anga unayoingia.

4/ AOC haipewi mtu kama zawadi ya arusi. Utaratibu wa kimataifa una hatua tano: mazungumzo ya mwanzo, ombi rasmi, kukaguliwa kwa vitabu vyote, kuonyesha kwa vitendo kwamba unaweza kazi, halafu cheti. Na ukishapata, kazi ndiyo inaanza. Hapa kwetu kwa kawaida inahuishwa kila mwaka. Wakaguzi wanarudi. Ukinunua aina mpya ya ndege, haiingii kazini mpaka iongezwe kwenye orodha inayoambatana na cheti. Nakala iliyothibitishwa ya cheti inabebwa ndani ya ndege, ili hata mkaguzi wa nchi nyingine akiingia aione.

5/ Sasa historia. Ndege zilipokuwa changa, watu walibishana kama anga ni kama bahari, ya kila mtu, ama ni kama shamba, lina mwenyewe. Mkataba wa Paris wa 1919 ulimaliza ubishi huo: kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Kumbuka 1919 sisi tulikuwa chini ya Mwingereza. Kwa hiyo anga iliyo juu ya Mlima Kenya ilipata mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa wa hapa.

6/ Mwaka wa 1929 mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha Wilson Airways Nairobi, pamoja na rubani Tom Campbell Black. Walibeba barua, abiria, wagonjwa na wawindaji matajiri. Vita vilipoanza 1939 kampuni ikafika mwisho, ndege na watu wake wakaingizwa kwenye kazi ya jeshi. Lakini jina lilibaki: mwaka wa 1962 ule uwanja wa Nairobi West ulipewa jina Wilson. Kwa hiyo ukisikia "miraa iko Wilson", unataja jina la huyo mama.

7/ Funzo la kwanza hapo: kampuni ya ndege, hata iwe na marubani wazuri namna gani, inaruka kwa sababu serikali imekubali. Serikali ikibadilisha shughuli zake, kampuni inaisha bila hata ndege moja kuanguka.

8/ Tarehe 7 Desemba 1944, vita vikielekea mwisho, nchi zilikaa Chicago zikaandika mkataba unaotumika hadi leo. Mambo mawili ya mkataba huo yanatuhusu sana. Moja, ndege ya ratiba haiingii nchi nyingine bila ruhusa maalum ya nchi hiyo. Pili, mkataba ni wa ndege za kiraia. Ndege za dola, yaani za jeshi, forodha na polisi, ziko kando. Shika hilo la pili, nitalirudia nikifika kwa chopa.

9/ Wazee wa huku wanalijua hilo la pili bila kusoma Chicago. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1953, ndege za kivita za Uingereza zilipiga mabomu msitu wa Mlima Kenya na wa Aberdare. Kwanza zile ndogo za Harvard, halafu Lincoln kubwa zikitokea Eastleigh. Kwa mtu wa Embu ama Meru wa miaka hiyo, ndege haikuwa usafiri. Ilikuwa mkono wa serikali, na hakuna ofisi ya raia ambayo ungeenda kuuliza imepewa ruhusa na nani.

10/ Upande wa kiraia, tarehe 1 Januari 1946 East African Airways ilianza kazi, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, ikiwa na vindege vya Dragon Rapide. Baada ya uhuru tukaendelea nayo. Kwa mkataba wa Jumuiya wa 1967 makao yake yalikuwa Nairobi, na usimamizi wa anga pia ulikuwa wa Jumuiya. Shirika moja, msimamizi mmoja, nchi tatu. Likafika hadi London kwa Super VC10.

11/ Mwanzoni mwa 1977 hiyo nyumba ilianguka. Kenya Airways ilianzishwa Januari na kuruka tarehe 4 Februari 1977, kwa ndege za kukodi. Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983. Na hapa ndipo wengi wanasahau: hatukugawana ndege peke yake. Tuligawana mwenye kutoa ruhusa. Kila nchi ilibidi ijenge idara yake, wakaguzi wake, sheria zake. Njia ya Nairobi–Dar, ambayo jana ilikuwa safari ya ndani ya familia moja, sasa ikahitaji serikali mbili kuandikiana.

12/ Kenya iliendesha mambo hayo kupitia idara ya wizara hadi Oktoba 2002, ndipo ikaundwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Wazo lilikuwa kumtoa mkaguzi chini ya meza ya waziri. Miezi mitatu baadaye, Januari 2003, ndege iliyobeba viongozi ilianguka ikiondoka Busia. Waziri mmoja na marubani wawili walikufa. Julai mwaka huo huo, ndege ya kukodi kutoka Afrika Kusini iligonga kilele cha Lenana, hapa mlimani petu, watu 14 wakafa wote. Sheria ya sasa ya usafiri wa anga ni ya 2013.

13/ Mbona natoa hesabu za vifo kwenye uzi wa makaratasi? Kwa sababu karatasi ya usalama ipo kwa ajili ya hao watu. Sisemi ajali hizo zilisababishwa na karatasi. Nasema mtu akikuambia ukaguzi ni urasimu wa kuchelewesha kampeni, mwambie urasimu huo umesimama kati ya abiria na mlima.

14/ Sasa tufike kwa moyo wa uzi. Makaratasi manne niliyotaja yana tabia mbili tofauti. Cheti cha usalama hakifai kuwa na siasa ndani hata kidogo. Haki ya kuingia nchi ya jirani ni siasa tangu kuzaliwa. Ndivyo Chicago ilivyoandika. Balaa ya mijadala yetu ni kuvibadilisha. Kampuni ikisimamishwa kwa usalama, wapenzi wake wanalia "siasa!" Na serikali mbili zikigombana, wanatuambia ni "taratibu tu za kitaalamu".

15/ Mfano wa usalama. Oktoba 2019 gurudumu la ndege ya kampuni moja ya hapa nchini lilichomoka ikipaa kutoka Lodwar. Ilitua salama Eldoret. Mwezi uliofuata KCAA ikasimamisha ndege zake za aina hiyo. Walikuwepo waliosema kampuni inaonewa. Lakini hapo swali si nani rafiki wa nani. Swali ni gurudumu.

16/ Mifano ya siasa, tena na jirani wetu yule yule. Mwaka wa 2015 tuligombana kuhusu magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wa JKIA. Tanzania ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Agosti 2020, Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawangewekwa karantini. Tanzania ikaondoa ruhusa ya Kenya Airways, na kabla mwezi kuisha ikaongeza kampuni nyingine tatu za Kenya. Septemba Kenya ikarekebisha orodha, na ruhusa zikarudi.

17/ Januari 2024 tena. Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Kenya Airways haitabeba abiria kati ya Nairobi na Dar. Kisa? Kenya ilikuwa imekataa ombi la Air Tanzania la kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu. Hiyo inaitwa uhuru wa tano wa anga: ndege ya kwangu, inapakia kwako, inapeleka kwa mwingine. Kabla ya tarehe 22 kufika, wakubwa walipigiana simu na jambo likaisha.

18/ Angalia kitu kimoja katika visa hivyo vyote vitatu. Hakuna aliyesema ndege za Kenya ni mbovu. Marubani walikuwa wale wale, mafundi wale wale. Ni karatasi ya nne iliyovutwa. Kwa hiyo ukisikia tena "wametufungia", kabla ya kutukana nchi ya watu, uliza: sisi tuliwanyima nini wiki iliyotangulia?

19/ Na hii inafika hadi shambani. Miraa ya Igembe na Tigania inakatwa mapema, inafungwa kwa majani ya ndizi, inapakiwa kwa zile pikapu ambazo ukizisikia nyuma yako unahama barabara. Ni mali ya siku mbili hivi, baada ya hapo ni kuni. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, soko kubwa lililobaki ng'ambo lilikuwa Somalia. Soko hilo lina mlango mmoja: ndege.

20/ Septemba 2016 Mogadishu ilizuia ndege za miraa kwa siku chache, na Meru ikahisi siku hiyo hiyo. Desemba 2017 Somalia ilirudishiwa usimamizi wa anga yake, ambao kwa miaka mingi ulikuwa unafanyiwa Nairobi chini ya shirika la kimataifa. Machi 2020 ikazuia tena, korona ikiwa sababu iliyotajwa, na uhusiano wa nchi hizi mbili nao ukazidi kuharibika. Ndege za miraa hazikurudi hadi Julai 2022. Zaidi ya miaka miwili. Kuna watoto waliotoka shule kwa sababu hiyo, na kuna mashamba yaliyoachwa.

21/ Katika miaka hiyo miwili tulisikia kila kitu majukwaani. Ati kampuni za ndege ni walafi, ati KCAA imelala, ati fulani ameuza wakulima. Lakini ndege zilikuwa na AOC. Zilikuwa na leseni ya kubeba mizigo. Kilichokosekana ni ruhusa ya mwenye anga, na hiyo haitafutwi kwa KCAA. Inatafutwa na wizara ya mambo ya nje. Mkulima aliyepiga kelele mlango usio wake alipoteza miezi, na mwanasiasa aliyemwelekeza huko alipata kura.

22/ Ulaya na Marekani wana njia nyingine, na inafaa kuielewa. Wao hawaangalii kampuni tu, wanamwangalia msimamizi. Februari 2017 Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga. Ilikuwa ni KCAA inayopimwa, si shirika la ndege. Ndiyo safari ya moja kwa moja hadi New York ikawezekana, tarehe 28 Oktoba 2018. Kinyume chake: kampuni za Congo zimekuwa kwenye orodha ya marufuku ya Ulaya tangu ilipoanza 2006, na Juni 2025 zote zilizopewa cheti na Tanzania ziliingizwa. Hapo hata kampuni inayojitahidi inaumia, kwa sababu anayetia sahihi cheti chake haaminiki huko. Kwa hiyo kiongozi akimshinikiza mkaguzi leo afumbe macho kwa ajili ya rafiki mmoja, deni linalipwa na wote.

23/ Haya, chopa. Huku kwetu chopa ikitua uwanja wa shule, masomo yameisha siku hiyo. Mijadala mitatu inajirudia.

Moja: "Mheshimiwa ana chopa yake, abebe anayetaka." Kubeba rafiki bure ni sawa. Kupokea malipo ni biashara, na biashara inahitaji AOC na leseni ya huduma za anga. Chopa ya kibinafsi inayokodishwa kichinichini ni kama gari la nyumbani linalobeba abiria usiku: siku ya ajali ndiyo utajua bima inasema nini.

24/ Mbili: "Wamezuia chopa yetu isitue." Inaweza kuwa kweli ni uonevu. Inaweza pia kuwa makaratasi. Chopa zetu huanza na 5Y, halafu herufi tatu. Zamani za mkoloni ilikuwa VP-K. Zisome ubavuni. Kwa herufi hizo unaweza kuuliza ni ya nani, iko chini ya cheti cha kampuni gani, na cheti kina uhai ama kimekufa. Anayelalamika kwa haki hataogopa kujibu.

Tatu: "Mbona chopa ya polisi ama ya jeshi inapeleka watu mkutano wa siasa?" Hapa ndipo ile sehemu ya pili ya Chicago inarudi. Ndege ya dola haiko chini ya utaratibu huu wa leseni za biashara. Ukienda KCAA na swali hilo umepotea njia. Hilo ni swali la bunge na la mkaguzi wa hesabu: mafuta ni ya nani na kazi ni ya nani?

25/ Watu huniuliza, "sasa sisi wa kijijini tutajuaje haya?" Yameandikwa. Gazeti Rasmi la Serikali, ile Kenya Gazette inayotoka Ijumaa, huchapisha maombi ya leseni za huduma za anga. Jina la kampuni, anwani, anataka kubeba nini, wapi, kwa ndege za aina gani, kituo chake kiko wapi, kwa miaka mingapi. Na chini ya tangazo kuna maneno ambayo karibu hakuna anayeyasoma: yeyote mwenye maoni ya kuunga mkono ama kupinga aandike kwa mamlaka kabla ya muda uliotajwa. Baadaye maamuzi nayo yanachapishwa.

26/ Yeyote. Haisemi wakili, haisemi mwenye ndege. Ushirika wa wakulima wa Meru unaweza kuandika kuunga mkono kampuni mpya ya mizigo ili bei ya kilo ishuke. Wazazi wanaosumbuliwa na kelele wanaweza kuandika kupinga. Mkoloni hakumpa mzee wa Embu nafasi hiyo. Sisi tunayo na tunaiacha ipite kila Ijumaa, halafu tunagombana Facebook kuhusu uamuzi ambao ulitangazwa mapema tukauacha.

27/ Basi mkisikia kelele ya ndege kuanzia leo, ulizeni matatu kabla ya kusambaza. Ni karatasi gani kati ya yale manne? Nani anaitoa: KCAA, nchi jirani, ama ni ndege ya dola? Na tangazo liko wapi, tarehe gani? Anayewapigia kelele akishindwa kujibu hata moja, nyinyi wenyewe mnajua amekuja kutafuta nini.

28/ Uzi unaishia hapa. Mwenye ndugu wa miraa Maua ama Laare ampelekee namba 19 hadi 21. Na kuna ndugu ameuliza kwa nini nauli ya ndege ya ndani iko juu na ni nani anakula zile ada za uwanja. Hiyo ni stori ya wiki ijayo, niacheni kwanza nichume chai.